Rocket ya mwaka 1829: namna chuma kizee kinavyoeleza kilikotoka na kilivyobadilishwa

Injini ya mvuke iitwayo Rocket ni maarufu kuliko karibu zote zilizowahi kupita juu ya reli. Katika vitabu vya shule huchorwa ikiwa ya manjano, na bomba la moshi refu jeupe, na silinda mbili zilizoinuka upande wa nyuma kama miguu ya panzi. Lakini mtu anayeifikia yenyewe katika makumbusho ya Uingereza anakuta kitu kingine. Ni chuma cheusi, kizito, kisicho na rangi ya manjano hata kidogo. Silinda zake zimelala karibu sawa na reli, na mbele, chini ya bomba la moshi, kuna sanduku ambalo halimo katika michoro ya mwanzo.

Swali linalomjia mgeni ni moja: hii ndiyo Rocket ya kweli, au ni mfano tu?

Hii nyeusi ndiyo ya kweli. Zile za manjano zinazoonekana kwenye sherehe ndizo mifano. Rocket ilitengenezwa mwaka 1829, ikafanya kazi kwa karibu miaka kumi, na katika muda huo ilifunguliwa, ikaongezewa vipande na kuondolewa vingine mara kadhaa. Kilichofika makumbusho mwaka 1862 ni injini jinsi ilivyokuwa siku zake za mwisho, si jinsi ilivyotoka kiwandani.

Kutofautisha hayo mawili ni kazi ya kitaalamu, na inafanana na kazi ya mpelelezi kuliko ya fundi. Mtaalamu anatazama kipande kimoja kimoja na kuuliza: hiki kilikuwepo tangu siku ya kwanza? Kama hapana, kililetwa lini, na kwa sababu gani?

Mashindano ya Rainhill

Ili kuelewa kilichobadilishwa, lazima kwanza ijulikane Rocket ilizaliwa vipi.

Mwaka 1829 kampuni iliyokuwa ikijenga reli ya karibu kilomita 50 kati ya miji ya Liverpool na Manchester ilikuwa na ubishi ndani yake. Baadhi ya wakubwa wake walitaka mabehewa yavutwe kwa kamba na injini zilizosimama kando ya njia. Wengine waliamini injini inayotembea yenyewe. Ili kumaliza ubishi huo, kampuni ilitangaza mashindano na zawadi ya pauni 500.

Masharti yalikuwa makali. Injini ya magurudumu manne isizidi uzito wa tani 4 na nusu. Ivute mzigo wa karibu mara tatu ya uzito wake, kwa mwendo wa maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, na irudie safari hiyo mara nyingi bila kuharibika.

Mashindano yalifanyika Rainhill, karibu na Liverpool, mwezi wa Oktoba 1829. Rocket, iliyotengenezwa Newcastle katika kiwanda cha Robert Stephenson, mtoto wa George Stephenson, ndiyo peke yake iliyomaliza jaribio lote. Ilipokimbia bila mzigo mkubwa ilifikia karibu kilomita 48 kwa saa, mwendo ambao watu wengi waliokuwa pale hawakuwahi kuona mashine ikiufanya.

Siri yake ilikuwa katika mambo matatu. La kwanza ni boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Injini nyingi za kabla yake zilikuwa na bomba moja nene au mawili ya kupitishia moto ndani ya maji. Rocket ilikuwa na mirija 25 ya shaba, kwa hiyo moto uligusa maji mahali pengi zaidi na mvuke ukapatikana haraka. Wazo hilo lilitoka kwa Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli. Huko Ufaransa, Marc Seguin alikuwa amefikia wazo la namna hiyo kwa njia yake mwenyewe, akapata hataza mwaka 1828.

La pili ni kwamba mvuke uliokwisha kufanya kazi haukuachwa upotee. Ulitupwa ndani ya bomba la moshi, ukavuta hewa kwa nguvu kupitia tanuri na kuchochea moto. La tatu ni kwamba pistoni zilisukuma magurudumu makubwa ya mbele moja kwa moja kwa fimbo, bila mitambo mingi katikati.

Silinda zenyewe ziliwekwa juu, upande wa nyuma, zikiinama kwa zaidi ya digrii 30. Huo ndio mkao unaoonekana vitabuni.

Ilipitwa na wakati ndani ya mwaka mmoja

Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Siku hiyo hiyo mbunge William Huskisson aligongwa na Rocket, akafariki. Jina la injini likaingia magazetini kwa mara ya pili, safari hii kwa msiba.

Lakini kwa mafundi, Rocket ilikuwa tayari imeanza kuzeeka. Kiwanda kile kile cha Newcastle kilikuwa kimetoa injini mpya zaidi, Northumbrian, na kabla ya mwaka 1830 kwisha ikafuata Planet, ambayo silinda zake zililala mbele, chini kabisa. Kilichoshinda Rainhill miezi kumi na miwili kabla kilikuwa kimepitwa.

Kampuni haikuitupa. Iliifanyia marekebisho ili ifanane na wadogo zake.

Rekebisho kubwa lilikuwa la silinda. Zikiwa zimeinuka, kila pistoni ilipofanya kazi iliisukuma injini juu na chini kwenye springi zake. Kwa mwendo wa polepole si taabu. Kwa mwendo wa kasi injini ilitikisika, na uzito wake ukapiga reli kama nyundo. Kwa hiyo silinda ziliteremshwa hadi zikabaki na mwinamo mdogo, takriban digrii 8. Ndiyo sababu injini ya makumbusho haifanani na panzi wa vitabuni.

La pili ni lile sanduku la mbele. Mwanzoni bomba la moshi liliungwa moja kwa moja kwenye mwisho wa boila. Mvuto wa hewa ulipokuwa mkali, majivu na vipande vya makaa vilipita kwenye mirija na kukwama. Sanduku la moshi lilivipa mahali pa kuangukia, na fundi akapata nafasi ya kuvitoa. Tangu hapo karibu kila injini ya mvuke duniani imekuwa na sanduku hilo.

Mwaka 1834 ikafika zamu ya jaribio la ajabu zaidi. Lord Dundonald, mwanajeshi wa majini aliyependa uvumbuzi, alikuwa na mashine ya mvuke ya kuzunguka badala ya pistoni za kwenda na kurudi. Rocket, ambayo haikuwa tena na kazi kubwa, ilichaguliwa kuwa ya kujaribia. Silinda na fimbo zake zikaondolewa, na mashine hiyo ikafungwa kwenye ekseli. Jaribio la Oktoba 1834 halikufaulu.

Mwaka 1836 iliuzwa kwa pauni 300, ikapelekwa kaskazini, jimbo la Cumberland, kuvuta makaa ya mawe kwenye reli ya Lord Carlisle karibu na mji wa Brampton. Injini iliyokuwa miongoni mwa zilizobeba abiria wa kwanza kati ya Liverpool na Manchester ilimaliza maisha yake ikivuta mabehewa ya mgodi. Karibu na mwaka 1840 ilipumzishwa, na mwaka 1862 ikakabidhiwa makumbusho ya London ambayo baadaye yalikuja kuitwa Science Museum.

Chuma kinavyosomwa

Kwa zaidi ya miaka mia moja historia hiyo ilielezwa zaidi kwa barua, hesabu za kampuni na kumbukumbu za wazee. Kisha mwaka 1999 wataalamu wawili, Michael Bailey na John Glithero, waliichunguza Rocket kipande kwa kipande. Kitabu chao juu ya uhandisi na historia yake kilitoka mwaka 2000. Njia ya namna hiyo huitwa akiolojia ya mashine, kwa sababu mtaalamu anaichunguza injini kama vile wengine wanavyochimba mji wa kale, tabaka baada ya tabaka.

Kuna mambo ambayo mchunguzi wa injini yoyote ya zamani huyatazama kwanza.

Matundu. Tundu lililotobolewa kwenye bamba na sasa halishiki kitu, au lililozibwa kwa ribiti, linaonyesha kuwa hapo kulikuwa na kifaa kingine. Matundu kadhaa yakipimwa pamoja, umbo la kifaa kilichoondolewa linaweza kujulikana.

Aina ya chuma. Mafundi wa mwaka 1829 walitumia chuma cha kumimina, chuma cha kufua, shaba na mbao. Chuma cha pua cha bei nafuu kilikuja baada ya Henry Bessemer kutangaza njia yake mwaka 1856. Kipande kikubwa cha chuma cha pua ndani ya injini ya 1829 kinajitaja chenyewe kuwa mgeni.

Namna ya kuunga. Boila za zamani ziliungwa kwa ribiti zilizopigwa zikiwa za moto. Mahali palipochomelewa kwa umeme ni pa miaka ya baadaye sana.

Skrubu na nati. Kabla ya mwaka 1841 kila karakana nchini Uingereza ilikata hesi zake kwa vipimo vyake. Mwaka huo Joseph Whitworth alipendekeza vipimo vya pamoja, na taratibu viwanda vikavifuata. Hivyo hata skrubu moja ndogo inaweza kusema kama ilifungwa kabla au baada ya zamu hiyo.

Mwisho ni karatasi: mikataba, hesabu za malipo, na michoro yenye tarehe. Karatasi inasema kilichoagizwa au kulipwa. Chuma kinasema kilichofanyika. Pale vinapokubaliana, mtaalamu ana uhakika. Pale vinapopingana, huanza kuuliza upya.

Billy na miaka kumi yake

Mfano unaoonyesha vizuri thamani ya kazi hii si Rocket, bali ndugu yake mkubwa asiyejulikana sana.

Karibu na Newcastle, katika makumbusho ya reli yenye jina la Stephenson huko North Shields, kuna injini inayoitwa Billy, au Killingworth Billy kwa jina la mgodi wa makaa ilikofanyia kazi. Ni kazi ya George Stephenson, baba. Mwaka 1881, miaka mia moja tangu kuzaliwa kwa Stephenson, mji wa Newcastle ulipewa injini hiyo. Ikasimamishwa karibu na daraja kubwa la mji, halafu kwenye stesheni kuu, na mwishoni ikaingia makumbusho.

Kwa miaka mingi iliandikwa kuwa Billy ilitengenezwa mwaka 1826. Mwaka 2018, Michael Bailey akishirikiana na Peter Davidson aliichunguza kwa njia ile ile ya kusoma vipande. Matokeo yaliwashangaza wapenzi wa reli: Billy si ya mwaka 1826, ni ya mwaka 1816.

Miaka kumi inaweza kuonekana midogo. Lakini injini ya kwanza ya Stephenson ilitoka mwaka 1814, kwa hiyo Billy ilifuata baada ya miaka miwili tu. Kutoka kuwa injini nzee kati ya nyingine, ilipanda hadi nafasi ya tatu kwa uzee kati ya zote zilizosalia duniani, nyuma ya Puffing Billy iliyoko London na Wylam Dilly iliyoko Edinburgh. Injini ilikuwa mbele ya macho ya watu muda wote huo. Waliipita stesheni asubuhi na jioni. Kilichokosekana ni mtu wa kuipima na kuuliza maswali sahihi.

Kwa nini haikurudishwa kuwa ya manjano

Wapo wanaouliza: kama inajulikana Rocket ilikuwaje mwaka 1829, kwa nini isirudishwe hivyo? Silinda ziinuliwe, sanduku la moshi liondolewe, rangi ipakwe, watoto waione ilivyokuwa siku ya ushindi.

Jibu la wataalamu ni kwamba kufanya hivyo kungekuwa kuiharibu. Silinda zilizoteremshwa ni ushahidi wa somo ambalo mafundi walijifunza kwa kazi yenyewe, ndani ya miezi michache, wakati hakuna aliyekuwa na kitabu cha kumfundisha kujenga injini. Sanduku la moshi ni ushahidi wa tatizo na jibu lake. Kila kiraka kina sababu. Akiondoa kiraka, fundi anaondoa pia sababu hiyo, na mtafiti wa kesho hatakuta kitu cha kusoma.

Ndiyo maana njia iliyochaguliwa ni ya kuwa na vitu viwili. Injini yenyewe imeachwa kama ilivyo, na wanaotaka kuona ya manjano wametengenezewa mifano. Henry Ford wa Marekani aliagiza mmoja mwaka 1929, ambao uko kwenye makumbusho yake huko Dearborn. Mwingine ulijengwa mwaka 1979 kwa sherehe ya miaka 150 ya Rainhill, na huo ulitengenezwa utembee kwa mvuke kabisa. Hata huo una tofauti yake: bomba lake la moshi ni fupi kuliko la kwanza, ili uweze kupita chini ya daraja la Rainhill. Mchunguzi wa miaka mia mbili ijayo atakayeukuta bila karatasi zake atakuwa na swali la kujibu.

Yanayohusu reli za Congo

Mambo haya hayaishii Uingereza. Injini za mvuke zilizofika Katanga baada ya reli kuingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, zilikuwa na mirija mingi ndani ya boila, na mvuke wao ulitupwa kwenye bomba la moshi. Yote mawili ni urithi wa Rainhill.

Na zenyewe zilibadilishwa. Reli ya Matadi hadi Léopoldville, iliyofunguliwa mwaka 1898, mwanzoni ilikuwa nyembamba, chini ya sentimita 80 kati ya chuma na chuma. Ilijengwa upya kwa upana wa milimita 1067 na kazi hiyo ikamalizika mwaka 1932. Upande wa mashariki, reli ya CFL, ile ya Kindu, Kongolo, Kabalo na Kalemie, ilikuwa na upana wa mita moja hadi katikati ya miaka ya 1950, ilipopanuliwa kufikia 1067 ili iungane na reli za Katanga. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini kwa mwenye kuchunguza injini au behewa la zamani ni alama kubwa. Ekseli iliyorekebishwa kutoka mita moja kwenda 1067 inamwambia kuwa kifaa hicho kilikuwepo kabla ya mabadiliko hayo.

Injini iliyotoka Ubelgiji huwa pia na bamba dogo la shaba au chuma lenye jina la kiwanda, kwa mfano Cockerill ya Seraing au Saint-Léonard ya Liège, pamoja na namba ya kutengenezwa na mwaka. Namba hiyo ni kama namba ya kuzaliwa. Lakini bamba peke yake halitoshi, kwa sababu linaweza kung'olewa na kufungwa kwingine. Boila nayo ilipohitaji matengenezo marefu mara nyingi ilibadilishwa na ya injini nyingine ili kazi isisimame. Fimbo za magurudumu zilihamishwa vilevile. Kwa hiyo mafundi waligonga namba ya injini kwenye vipande vikubwa, na mchunguzi huzitafuta chini ya kutu na grisi. Akikuta namba tatu tofauti kwenye injini moja, amekuta historia ya karakana, si udanganyifu.

Adui mkubwa wa historia hiyo si kutu. Kutu inakula polepole. Adui ni moto wa kukatia chuma, pale injini nzee inapogeuka kuwa mitraye na kuuzwa kwa kilo. Adui mwingine, ambaye huja kwa nia njema, ni msasa na rangi nene vinavyopakwa kabla ya sikukuu, vikafunika namba na matundu.

Kwa anayeishi karibu na injini ya namna hiyo, iwe kwenye uwanja wa stesheni au kwenye majani nyuma ya karakana, kazi ya kwanza haihitaji mtaalamu wala fedha. Bamba la kiwanda lipigwe picha karibu, na kila namba iliyogongwa kwenye fimbo, ekseli na fremu iandikwe pamoja na mahali ilipo. Upana kati ya magurudumu upimwe. Mzee aliyewahi kuiendesha au kuitengeneza aulizwe ni kipande gani kilibadilishwa wakati wake, na jibu lake liandikwe na tarehe. Billy ilisubiri kutoka 1881 hadi 2018 kupata umri wake wa kweli. Iliupata kwa sababu ilikuwa bado imesimama.